Mdogo wangu pafu limepasuka akiwa amekaa tu anakunywa chai: vijana warefu wembamba mnaovuta, someni hapa

Mwana_Uyole

Wakuu habari za baridi. Uzi utakua mrefu mnivumilie, naandika nikiwa kwenye benchi la wodini hapa Mbeya mjini, dogo kalala, na najua nikirudi nyumbani ntasahau nusu ya niliyoelezwa.

Mdogo wangu ana miaka 22. Mrefu kuliko wote kwetu, mwembamba, kila mkanda akinunua lazima tuongeze tundu kwa msumari wa moto. Hana pumu, hana TB, ukitoa malaria hajawahi kulala hospitali. Kazi yake anapakia viazi kwenye mafuso yanayoenda Dar. Ijumaa asubuhi kakaa jikoni kwa mama, kikombe mkono huu kiazi mkono huu, hajabeba gunia hata moja, ghafla akakunja uso kama mtu kachomwa na spoku, upande wa kulia, maumivu yakapanda mpaka begani. Akasema "bro, kichomi".

Sisi tukafanya kama inavofanyika majumbani, mama akamkanda maji ya moto, akanywa tangawizi, mchana tukampeleka zahanati moja ya karibu, siitaji, wakamuuliza unakula saa ngapi akasema sina ratiba, ikaandikwa vidonda vya tumbo na dawa ya gesi juu. Hakuna aliyemvua shati. Hakuna aliyemsikiliza kifua. Siku mbili zikaisha hivo. Jumapili akawa akipanda vile vingazi vitatu vya kuingia ndani anasimama kupumzika, mtu anayebeba gunia la viazi mgongoni! Hapo ndo nikachukua pikipiki tukashuka mjini.

Huku tukampata daktari mmoja dada kijana, Mungu ambariki. Kwanza alimvua shati. Akaweka kidole kimoja kifuani akakigonga na kingine, kushoto sauti nzito ya kawaida, kulia kinalia kama dumu tupu la lita ishirini. Akaweka kile kipimo cha masikioni, afu akanivalisha mimi, akasema kaka sikiliza mwenyewe. Kushoto hewa inaingia inatoka. Kulia kimya. Kimya kabisa yani, kama hakuna mtu.

Kwenye picha ya kifua akanionyesha kwa kalamu, kuna kastari kembamba sana keupe, hako ndo ukingo wa pafu, lilikua limeshuka limejikunja, na nje ya huo mstari ni peusi tupu hamna hata mshipa mmoja. Ile nyeusi ni hewa. Imetoka kwenye pafu ikaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, mahali ambapo haitakiwi kua, sasa pafu halina nafasi ya kufunguka. Wao wanaita nyumothoraksi, na hii ya kutokea yenyewe bila kuchomwa kisu wala ajali wanaiita spontenia.

Nikamuuliza kwa nini yeye, mbona hana ugonjwa? Jibu lake ndo limenifanya nifungue uzi. Kasema angekua anamchora mgonjwa wa hii kitu kwenye ubao angemchora huyu huyu: mwanaume, kati ya miaka kumi na kitu na thelathini, mrefu, mwembamba, anavuta. Akamgeukia dogo, "unavuta?" Dogo akaangalia chini. Mimi nilijua sigara, kumbe na bangi pia, tangu kidato cha tatu.

Urefu unaingiaje hapo, akanipa mfano siusahau. Pafu limening'inia kifuani kama sweta lililolowa kwenye kamba, uzito wote uko chini, kwa hiyo panapovutika sana ni juu mabegani. Mtu akiwa mrefu mvuto wa huko juu unazidi, na akiwa alirefuka haraka ujanani ndo kabisa. Basi huko juu kwenye ncha ya pafu panatokea malengelenge madogo madogo ya hewa, ngozi yake nyembamba, unaweza kuishi nayo miaka hujui. Siku moja lengelenge linapasuka, basi. Moshi unafanyaje? Unavimbisha vile vijinjia vidogo vya hewa, hewa inaingia inashindwa kutoka, inarundikana nyuma yake, malengelenge yanaongezeka.

Wamemwekea mrija ubavuni umeunganishwa na chupa ya maji iko chini ya kitanda. Akivuta pumzi maji kwenye kimrija yanapanda, akitoa yanashuka, akikohoa mapovu yanatoka bulubulubulu. Usiku kucha nimekaa naangalia hayo mapovu. Kila povu ni hewa iliyokua imemkalia mdogo wangu kifuani siku mbili huku anameza dawa ya gesi.

Kwa hiyo ndugu zangu, kijana akikwambia kimemchoma ghafla upande mmoja na pumzi haitoshi, usikubali jibu la tumbo kabla hajavuliwa shati na kupigwa picha. Ntajibu ninachojua.

boda_wa_kabwe

Pole sana kaka, dogo apone. Ila nikuulize, si hayo magunia jamani? Gunia la viazi unajua lilivyo, lumbesa lile. Na sisi tunaambiwa ukiendesha bila kukinga kifua upepo unaingia mapafu yanaharibika. Mimi nna miaka 26, mrefu pia, na wiki mbili zilizopita nilichomwa kifua kulia nikiwa kijiweni nimekaa juu ya pikipiki nasubiri abiria, nikajua upepo, nikanywa dawa ya nimonia ya duka la dawa, maumivu yakapungua ila nikicheka nasikia kama kuna kitu.

Mwana_Uyole

Mkuu hata mimi niling'ang'ania magunia, mpaka nikataka kumfuata tajiri wa viazi. Daktari akasema watu wengi inawapata wakiwa wametulia, wamekaa, wamelala, sio wakiwa wanabeba. Baridi na upepo kifuani havimo kwenye visababishi vya hii kitu. Unavuta?

boda_wa_kabwe

Navuta ndiyo. Pakiti siku mbili. Kwenye baridi ya asubuhi hapa utafanyaje.

Mwana_Uyole

Nenda kapige picha ya kifua. Kesho. Nasema kama kaka yako.

tabibu_mstaafu_iringa

Kamwene nyote. Nimetibu watu miaka mingi huku Iringa vijijini, naomba niongeze, maana mleta uzi ameelezwa vizuri lakini kuna nusu ya pili haijasemwa.

Jina nyumothoraksi lilitolewa na daktari Mfaransa anaitwa Itard mwaka 1803, kisha Laennec, yule aliyevumbua hicho kipimo cha kusikilizia kifua, akaeleza dalili zake vizuri mwaka 1819. Zaidi ya miaka mia iliyofuata karibu madaktari wote waliamini pafu likipasuka lenyewe basi ni kifua kikuu. Ni mwaka 1932 daktari wa Denmark, Kjaergaard, alipoonyesha kwamba vijana wazima kabisa nao wanapasukiwa, kwa sababu ya hayo malengelenge. Nayasema haya kwa sababu huku kwetu bado kuna makosa ya pande mbili. Kuna wanaomwona kijana kama huyu wanamwanzishia dawa za TB bila hata kupima makohozi. Na kuna wanaomwona mzee wa miaka 60 pafu limepasuka wanasema ni malengelenge tu, wakati nyuma yake kuna ugonjwa.

Aina ya kwanza ni ya mdogo wako, pafu zima halina ugonjwa unaojulikana. Aina ya pili ni ya pafu ambalo tayari linaumwa, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu huyu hana akiba ya pumzi, shimo dogo tu linamlaza chini. Huku kwetu ukikutana na aina ya pili fikiria TB kwanza, iliyopo au iliyopona ikaacha makovu. Fikiria mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa na amepata ile nimonia ya fangasi, hiyo inatoboa mapafu vibaya. Fikiria mvutaji wa muda mrefu ambaye mapafu yamelegea, na bibi aliyepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu msichana, hajashika sigara maishani lakini mapafu yake yamechoka kama ya mvutaji. Pumu kali pia, na saratani ya pafu. Kwa hiyo huyu bwana wa Kabwe akienda apige picha, na kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, anakonda, anatoka jasho usiku, atoe na makohozi. Kipimo cha TB na dawa zake ni bure nchi nzima.

mchimbaji_chunya

Mzee shikamoo. Sisi wa Makongolosi huku je? Tunachoronga mawe makavu, vumbi likitoka humwoni mwenzako mbele, tunafunga kitambaa puani. Tuna jamaa yetu alipasukiwa pafu mara mbili, na havuti.

tabibu_mstaafu_iringa

Marahaba mwanangu. Ndiyo, na nyie mmo. Vumbi la jiwe lile linaweka makovu yasiyofutika kwenye pafu, kovu linavuta nyama iliyo jirani, inabaki na mashimo ya hewa, hayo mashimo ndiyo yanayopasuka. Na mapafu yenye vumbi la jiwe TB inayapenda sana, vinakwenda pamoja. Kitambaa hakizuii lile vumbi laini linaloua. Mwagieni maji jiwe wakati wa kuchoronga, vumbi lifie pale pale chini. Na huyo mwenzenu apimwe TB kabla hajarudi shimoni.

Mdau_Mafinga

Mimi nitofautiane kidogo. Babu yangu Mufindi kavuta tumbaku ya kusokota tangu enzi za mkoloni mpaka kafa na miaka 90, pafu halijapasuka. Na kijana jirani yetu havuti, kapasukiwa, na alikua kagombana na baba mdogo wake kuhusu shamba la miti wiki hiyo hiyo. Kuna vitu hospitali hawavioni. Sisemi msiende, nasema muangalie pande zote.

Mwana_Uyole

Ndugu yangu nakuheshimu, na kwetu pia maneno hayo yalisemwa, mama mkubwa alishapiga simu Tukuyu kabla hata picha haijatoka. Ila swali lako la babu nimeliuliza hapa hapa. Kuna utafiti ulifanyika Stockholm kule Sweden ukatoka mwaka 1987, wakakuta wanaume wanaovuta hatari yao ya kupasukiwa pafu ni mara 22 ya wasiovuta, wanawake mara 9, na kadiri mtu anavyovuta nyingi ndivyo hatari inavyopanda. Katika maisha yote mvutaji mwanaume ni kama 12 katika kila mia, asiyevuta ni mmoja katika elfu. Sasa 12 katika mia maana yake 88 hawatapasukiwa, babu yako kaingia kwenye hao 88. Na asiyevuta mmoja katika elfu naye yupo, labda ndo jirani yako. Lakini mimi siwezi kukaa na mdogo wangu nikamwambia utakua kama babu wa Mufindi.

Afu jirani yenu alikua mrefu? Maana kuna kitu kingine. Daktari alimwambia dogo akunje kidole gumba ndani ya ngumi aone kama kitachungulia upande wa pili, afu ashike kifundo cha mkono kwa kidole gumba na kidole cha mwisho aone kama vinapishana. Kuna watu wamezaliwa na udhaifu kwenye nyuzi zinazoshikilia mwili, wanaita Marfani, wanakua na mikono mirefu, vidole virefu, macho yana shida, na mshipa mkubwa wa moyo unatanuka, nao mapafu yao yanapasuka kirahisi. Dogo vidole havikupishana. Ila akauliza nyumbani kuna mwingine aliwahi, kwa sababu wapo wachache inatembea kwenye ukoo. Nikakumbuka mjomba mmoja alikufa ghafla Kyela kabla sijazaliwa, ilisemwa "kifua". Basi tu, hakuna aliyemfungua akaangalia.

dada_wa_rungwe

Samahani jamani naingilia, nimesita kuandika hili ila hapa hakuna anayenijua. Mimi nna miaka 34, sivuti, si mrefu. Kila mwezi nikianza siku zangu, siku ya kwanza au ya pili, nachomwa upande wa kulia juu begani na pumzi inakua fupi. Zikiisha, kinaisha. Nimeambiwa misuli, nimeambiwa mawazo. Inahusiana au najitisha?

nesi_makete

Dada hujitishi, na asante kwa kuandika. Ipo aina ya pafu kuanguka inayoenda na hedhi, mara nyingi ndani ya siku tatu tangu damu ianze, karibu kila mara upande wa kulia, na inawapata zaidi wanawake wa miaka ya thelathini na arobaini. Nyama inayofanana na ya ukuta wa mfuko wa uzazi inakua mahali isipotakiwa, inaweza kupanda mpaka kwenye kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Hedhi zako zinauma sana? Ulihangaika kupata mtoto? Nenda ukapigwe picha ya kifua SIKU ile ile inapouma, sio wiki baada ya hapo, ukienda ukiwa mzima picha itatoka safi watakurudisha na panado. Na uwaambie mwenyewe kwamba inakuja na hedhi, usisubiri waulize, hawataulizia.

Halafu mleta uzi, hiyo chupa. Isiinuliwe juu ya usawa wa kifua chake hata anapoenda chooni, maji yatarudi ndani. Mrija usijikunje, asiulalie. Wasije ndugu wakaubana wakidhani wanasaidia kuzuia hewa isitoke, hewa inatakiwa itoke.

Na jambo moja wote mlishike. Mtu wa kifua hiki akianza kuhangaika, midomo inakua ya bluu, mishipa ya shingo imevimba, mapigo yanakimbia, anataka kuzimia, hapo hewa inaingia haitoki na imeanza kuusukuma moyo. Huyo hasubiri foleni ya picha. Anachomwa sindano kifuani hewa itoke hapo hapo. Mpeleke huku unapiga kelele.

dada_wa_rungwe

Mwe! Hedhi zangu zinauma tangu shule, na mtoto nimehangaika miaka sita. Hakuna aliyewahi kuniunganishia hayo mawili na kifua. Ndaga fijo dada yangu. Ntaenda siku ile ile.

mdau_wa_songwe

Nna swali fupi, nilitibiwa hii kitu Dar mwezi uliopita, mrija ulishatoka, nataka kurudi Mbeya kwa ndege nishukie Songwe, basi linanichosha.

nesi_makete

Usipande mpaka picha mpya ionyeshe pafu limefunguka lote, halafu uhesabu angalau siku saba kutoka hapo. Ndege ikiwa juu presha ya ndani inashuka, hewa iliyobaki kifuani inatanuka, na huko juu hakuna wa kukuchoma sindano. Hata kwa basi usianze safari kabla ya picha, maana Mbeya ni mlimani, toka usawa wa bahari mpaka mita 1,700 hivi. Na kama ni mtu wa kuzamia na mitungi, hiyo uache kabisa, labda ufanyiwe upasuaji pande zote mbili.

Mwana_Uyole

Mrejesho wakuu. Leo siku ya nne mapovu yameacha hata akikohoa, picha ya asubuhi ule mstari umesogea mpaka karibu na mbavu. Nikafurahi, daktari akanituliza. Kasema karibu mmoja kati ya watatu inawarudia, wengi ndani ya mwaka wa kwanza. Ikirudi ndo wanafikiria upasuaji wa kukata malengelenge na kugundisha pafu ukutani. Nikauliza kuna nini cha kufanya isirudi, akasema urefu hatuwezi kuupunguza, umri hatuwezi kuusogeza, jinsia yake ndo hiyo. Kilichopo mikononi mwake ni moshi. Wanaoacha kuvuta baada ya mara ya kwanza hatari ya kurudiwa inashuka kwa kama mara nne. Na bangi asidhani ina nafuu, watu wanaivuta pumzi ndefu wanaibana ndani, na wavutaji wake wanaonekana na malengelenge makubwa wakiwa bado vijana.

Dogo alisikia yote. Hakusema kitu. Baadae aliniomba nimtolee koti lake kabatini, akatoa pakiti mfukoni, zimebaki sita, akanipa.

boda_wa_kabwe

Kaka nimeenda. Nimetoka picha saa hii. Kulia kwangu pia pafu limeshuka, ila kidogo tu juu pembeni, wamesema hawaniwekei mrija kwa sasa, pumzi yangu iko vizuri, nakaa hapa waniangalie na oksijeni, kesho picha nyingine. Makohozi nimetoa. Sasa tajiri wa pikipiki ananipigia anataka hesabu ya leo na chombo kipo nje getini.

Mwana_Uyole

Usitoke hapo kwa ajili ya hesabu. Nitumie namba ya tajiri wako PM niongee nae, na pikipiki ntaipeleka mimi Kabwe nikishuka. Uko wodi gani? Mama analeta uji wa dogo saa kumi na moja, ntamwambia aongeze kikombe.